Mpigaji wa Ugenini

Haldane, Dakota Kaskazini
11 Juni

Kwa Bi Nadine Kowalczyk, wa tarakimu,

Nina miaka themanini na moja. Nimemzika mke wangu Solveig, nimewazika kaka zangu wote, madaktari watatu walioniambia niache siagi, na makocha sijui wangapi wa timu hii ya Panzi wa Haldane. Jukwaa la zamani la uwanja lilibebwa na kimbunga nikiwa nimejibanza chini yake. Jukwaa halipo, mimi nipo. Kwa hiyo usidhani mtu wa Chicago atanitisha.

Shule niliiacha wakati wa mavuno na sikurudi, utaona mwenyewe kwenye mwandiko. Lakini besiboli naijua kuliko mtu yeyote kati ya hapa na mpaka wa Kanada. Nilipokuwa kijana niliupiga mpira ukavuka ukuta, ukavuka barabara, ukaangukia kwenye behewa la ngano la treni inayotembea, ukaenda zake Minneapolis. Walioona wamekufa wote, lakini waliona.

Sasa sikiliza. Tangu mwenye timu akuajiri, wewe ambaye hujawahi kukanyaga hapa, unatuendeshea timu kwa kompyuta kama mtu anayekamua ng'ombe kwa simu. Nani acheze, nani akae benchi, yote yanatoka kwako. Umemkataza kocha Duane mbinu ambazo baba yake alizitumia. Umewasogeza wadakaji wote upande mmoja wa uwanja, upande wa pili mtu angeweza kulima viazi. Sawa, tunashinda, sikatai. Lakini jana Duane kaniambia pale kwenye kahawa ya ushirika wa wakulima, macho kayaficha kwenye kikombe, kwamba mwisho wa Julai mnamtema Anyelo Peguero.

Huyo kijana anakaa kwangu. Timu haina uwezo wa hoteli, kila kiangazi wenyeji tunagawana wachezaji majumbani, na mimi nachukua mmoja kila mwaka tangu Solveig aondoke. Huyu wa safari hii ni wa Jamhuri ya Dominika. Ananiita Don Orval, ndiyo heshima ya kwao kwa mzee. Anaosha sahani bila kuambiwa. Nimetazama wapigaji tangu mama yako hajazaliwa, na nakwambia mikono ya yule ni mikono. Hiyo mashine yako haina macho.

Fikiri tena. Na simu usipige, huwa sipokei.

Orval Tveit,
mkulima, na mpigaji


Chicago
16 Juni

Mzee Tveit,

Asante kwa barua. Ni ya kwanza ya mkono kufika mlangoni kwangu tangu nihamie jengo hili. Nilidhani mtu wa posta amekosea mlango.

Kuhusu mikono ya Peguero hujakosea. Timu ikiwa ugenini, kila anaposimama kupiga mara kumi, karibu mara nne anafika salama kituo cha kwanza. Katika ligi yetu wanaomzidi ni wawili. Tatizo ni nyumbani. Akiwa Haldane hata mara mbili hazifiki. Wachezaji karibu wote ni kinyume chake, maana nyumbani kuna kitanda chako, chakula chako na watu wanaokushangilia. Nimezipanga mechi zake kila namna ninayoijua, kwa mrushaji wa mkono wa kushoto na wa kulia, kwa joto, kwa upepo, kwa mechi za mchana na za usiku. Sijapata jibu.

Nusu ya mechi zetu ni za nyumbani, mzee. Nafasi kikosini ni chache na kuna mpigaji wa Oregon anayesubiri simu yangu. Siwezi kumbeba mtu wa nusu msimu. Lakini siamini pia kwamba mtu mmoja anaweza kuwa wawili. Kuna kitu hapo kwenu ambacho mimi kwenye skrini sikioni. Je, ni taa za uwanja? Kivuli? Wewe uko hapo. Niambie chochote. Nisingependa kumwacha kwa jambo ambalo tungeweza kulirekebisha.

Kwa heshima,
Nadine Kowalczyk


Haldane
23 Juni

Bi Nadine,

Afadhali umeuliza mtu anayejua. Taa ni mbovu, moja inawaka ikipenda. Jioni kivuli cha ghala la nafaka kinakata uwanja katikati. Na msichana anayeuza bia anapitapita sana nyuma ya mrushaji. Hayo matatu yarekebishe kwanza ndipo uguse mchezaji.

Lakini ukitaka kusema kwamba kijana hatunzwi, futa. Katika mji huu hakuna mchezaji anayetunzwa kama huyu. Wengine wanawatupia wachezaji ufunguo na kuwaonyesha friji. Kwangu saa kumi na moja alfajiri nimeshapiga hodi chumbani kwake. "Anyelo! Jua linakucheka!" Akitoka amekuta mayai, viazi, soseji, mkate wa moto, kahawa. Tunakula pamoja kama watu. Kisha tunaenda nyuma ya zizi, mimi namrushia punje za mahindi na yeye anazipiga kwa mpini wa fagio. Punje ya mahindi, Bi Nadine! Atakayeipiga hiyo, mpira atauona mkubwa kama tikiti.

Baadaye nampakia kwenye gari tunazunguka mashamba, namwonyesha alikolima baba yangu na lilipopinduka trekta la jirani yangu Knutson. Halafu ushirika, kahawa, wazee wote wamsalimie. Lester Quist anamuuliza kila siku, "Wewe, huyu mzee anakupa nafasi ya kusema?" Kijana anacheka tu. Lester masikio yamekufa, hata akijibiwa hasikii.

Kuna siku aliniambia, "Don Orval, leo nimechoka kidogo." Nikamwambia, "Uchovu ni wa watu wa benki. Vaa viatu." Akavaa. Ana adabu yule. Bibi yake alimlea, anasema kwao mtu mzima akikuita unaitika.

Kwa hiyo tafuta kosa kwingine.

O. Tveit


Chicago
28 Juni

Mzee Tveit,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, koti halijavuliwa. Kisha nikarudi kwenye tarakimu na kuzipanga kwa namna ambayo sikuwa nimeifikiria, yaani kwa siku tangu timu iliporudi nyumbani.

Siku ya kwanza Haldane anapiga kama yuko ugenini. Ya pili anashuka. Ya tatu anashuka tena. Kufikia ya tano anaikosa mipira ambayo mtoto wa shule angeigusa. Halafu anapanda basi, na mji unaofuata amefufuka. Wenzake wote basi linawachosha. Kikosi kizima, yeye peke yake ndiye basi linampumzisha.

Mechi zetu zinaisha saa nne usiku, mzee. Aoge, ale, mwili upoe, mpaka alale ni karibu saa saba. Na saa kumi na moja wewe unapiga hodi. Wachezaji wa besiboli hulala hadi karibu adhuhuri, si kwa uvivu. Mpira unamfikia mpigaji kabla hujamaliza kupepesa jicho. Mtu mwenye usingizi anachelewa kidogo tu, na kidogo hicho ndicho kazi yake yote.

Nilimwomba Duane amuulize kama ana shida yoyote pale anapokaa. Alijibu kwamba anakaa kwenye nyumba nzuri kuliko zote Haldane. Hajalalamika kwa mtu yeyote. Hatalalamika.

Naomba kitu kimoja tu. Mwache alale. Zimebaki wiki nne.

Najua kifungua kinywa cha peke yako kilivyo. Mimi nakula nikitazama marudio ya mechi. Kuna siku nagundua jioni kwamba tangu asubuhi sijatoa sauti.

Nadine


Haldane
5 Julai

Bi Kowalczyk,

Mimi nimekuwa naamka kabla ya jua tangu Rais Truman yuko Ikulu na hakuna binti wa ghorofani atakayenifundisha kuamsha watu. Baba yangu alituamsha saa kumi. Hatukufa.

Hata hivyo, usije ukasema mimi ni mbishi, nimejaribu. Panzi walirudi Jumanne. Jumatano nikaamka kama kawaida, nikavaa soksi bila viatu nisitoe kishindo. Nikapika. Nikaweka sahani mbili. Saa kumi na mbili mayai yakapoa, nikayala. Nikapika mengine, yakapoa, nikampa paka wa zizini. Nikakaa. Unajua jikoni kwangu kuna saa ya ukutani inayogonga, Solveig aliipenda, mimi nilikuwa siisikii kabisa miaka yote ile. Siku hiyo niliisikia.

Saa tatu sufuria ikaanguka. Ilikuwa imekaa vibaya.

Akatoka anafikicha macho, "Don Orval, kuna nini? Umeanguka?" Nikamwambia hakuna, sufuria tu, lakini maadamu umeamka kaa ule. Akakaa. Tulizungumza vizuri sana mpaka karibu mchana.

Alhamisi sufuria haikuanguka. Nilikuwa nawasha trekta kuangalia betri na dirisha lake likawa wazi. Sasa hilo nalo ni kosa langu?

Hebu acha habari za usingizi. Rekebisheni taa.

Tveit


Chicago
11 Julai

Mzee Tveit,

Taa zimerekebishwa. Nilimwomba mwenye timu tangu barua yako ya pili, nawe ulisema kweli, moja ilikuwa inazimika. Wenzake Peguero wanauona mpira vizuri zaidi sasa. Yeye hapana.

Sikuandikii kukulaumu. Nimesoma habari ya sufuria mara kadhaa na sijacheka. Lakini lazima ujue hali ilivyo, ili usije ukasema sikukwambia. Tarehe ishirini na tano nitalazimika kutoa jina moja. Kwa tarakimu zilivyo leo, jina ni lake. Ana miaka ishirini na sita. Mchezaji wa umri huo akiachwa na timu ndogo kama yetu, hapati simu nyingine. Atarudi kwao na gongo lake begani, na watu watadhani hakuweza.

Mke wa daktari wa meno, Bi Brandvold, yule anayepanga wachezaji majumbani, ana chumba cha chini chenye pazia nene. Kiko wazi. Sikuamuru. Sina mamlaka ya kuamuru nyumba ya mtu.

Nadine


Haldane
16 Julai

Nadine,

Nimemfukuza.

Usiulize maswali mengi. Jumapili baada ya kanisa nilimwambia, "Anyelo, dada yangu anakuja kutoka Fargo kukaa, anakitaka kile chumba." Mimi sina dada. Akasema, "Sawa, Don Orval, mimi nitalala kwenye kochi." Nikamwambia kochi ni la dada. Akasema, "Basi zizini, kuna joto, sina shida." Yaani nusura anishinde. Ikabidi nipandishe sauti. Nikamwambia, "Kijana, kiangazi kizima unakula mayai yangu na hupigi kitu! Nenda kwa daktari wa meno, huko hawajali mtu akishindwa!"

Akaosha kikombe chake, akakifuta, akakiweka kabatini. Akauliza, "Nimekukosea nini, Don Orval?" Nikatoka nje kuangalia betri.

Alienda kwa miguu na begi, nilimpa lifti akakataa. Ndiyo mara ya kwanza amenikatalia kitu.

Sasa wewe. Hutamwambia. Akijua sababu atarudi kwa adabu zake, atajidai ameshaamka mwenyewe, namjua. Usimwambie Duane, mdomo wake ni redio. Na hilo jina usilitoe mpaka timu imalize mechi za nyumbani za wiki hii. Mimi sijawahi kumwomba mtu kitu tangu mwaka wa mafuriko. Nakuomba.

Orval


Chicago
19 Agosti

Mzee Orval,

Nimekaa kimya kwa makusudi, nilitaka tarakimu zitoshe ndipo niandike. Wewe labda umeona kwa macho yako, ingawa Duane anasema kiti chako nyuma ya benchi kimekuwa kitupu tangu Julai.

Tarehe ishirini na tano sikumwacha Peguero. Nilimtoa mtu mwingine, na mwenye timu akaniuliza mara mbili kama akili yangu iko sawa. Tangu hapo, mechi za nyumbani, Peguero anafika kituoni zaidi ya mara nne katika kumi. Ameuvusha mpira ukuta mara sita. Siku ya tano nyumbani hana tofauti na siku ya kwanza. Katika kazi hii mtu hukisia sana na huthibitishwa mara chache. Safari hii nimethibitishwa.

Jana timu ya ligi kuu ilimnunua. Anakwenda Alabama, kwenye kikosi chao cha pili, hatua chache tu chini ya kilele. Nilipopokea simu nilinyanyuka kwenye kiti nikitaka kumwambia mtu. Nikazunguka chumba. Nikakaa, nikachukua kalamu.

Kabla ya kuondoka alinipigia, mara ya kwanza kuisikia sauti yake. Alinishukuru. Kisha akauliza kama najua kwa nini Don Orval alimchukia. Alisema alikuja kuaga na mlango haukufunguliwa. Alisema, "Labda dada yake mgonjwa." Ulinikataza, sikumwambia, lakini haikuwa rahisi. Niruhusu nimwambie. Hawezi kurudi kwako sasa, kwa hiyo hakuna la kuharibika.

Nadine


Haldane
25 Agosti

Nadine,

Hapana.

Akijua atataka kushukuru. Akianza kushukuru atanipigia simu kila asubuhi, kwao wanapiga hivyo, na itabidi nipokee, na huko Alabama nako watu wanacheza usiku. Mwache alale.

Tena aliyechukiwa na mzee mmoja wa Haldane hatabeba mzigo mkubwa. Nimechukiwa na wengi na nimenenepa.

Kuhusu mlango, nilikuwa ndani. Sioni haja ya kukudanganya wewe. Nilikaa kwenye ngazi za stoo. Aligonga akasema, "Don Orval, gari lako liko nje, najua upo." Akangoja. Akasema, "Haya. Nakwenda Alabama. Ulisema mikono yangu ni mikono." Hapo nilikuwa nimeshainuka, nimeshika kitasa. Ningefungua angeona nyumba nzima haina dada, na pale mezani palikuwa na sahani mbili, sijui kwa nini naendelea kuziweka. Nikaachia kitasa. Gari la Brandvold likaondoka.

Ushirika niliwaambia wote, "Nilisema au sikusema? Tangu Juni nilisema yule ni mpigaji!" Lester akapaza sauti kama anaita ng'ombe, "Si ndiye uliyemfukuza, mzee mkorofi?" Nikamwambia ndiye, na nitamfukuza mwingine yeyote nikitaka. Mmoja akalipia kahawa yake akahama meza. Bi Brandvold alikuja wiki iliyopita na keki. Akasema pole pole, kama anavyosemeshwa mgonjwa, kwamba kamati imekaa na mwakani hawatanipa mchezaji. Mzee anayemtoa kijana nje katikati ya msimu, eti haiwezekani. Nikamwambia keki yake ina sukari nyingi. Ana haki lakini. Mimi ningekuwa kamati ningesema hivyohivyo.

Ukitaka kuniandikia msimu ukiisha, sanduku la posta ni lilelile, huwa naenda kila siku, ni njiani. Niambie anavyopiga huko. Nyumbani na ugenini, zote mbili.

Haya niliyoandika ni kweli yote. Kwamba alikula vizuri kwangu, muulize Lester Quist, piga kelele akusikie. Kwamba alitoka kwangu na begi mgongoni, muulize Bi Brandvold, alimfungulia mlango. Na kwamba nilimtoa kwa sababu gani, hapo sina wa kumtaja ila wewe, Nadine Kowalczyk wa Chicago, ambaye hujawahi kuniona, na nimekukataza kusema.

Orval Tveit